Shamba la Mteremko Halitaki Jembe Jingi

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza kilimo, na mfano wetu tumeuchukua mahali ambapo wengi wenu mnapajua, au mlipata kusimuliwa na wazazi: Muhuta, kwenye ufuo wa Tanganyika.

Ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya kando ya ziwa, maji yako mkono wa kulia na mlima uko mkono wa kushoto. Ziwa liko kwenye mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima iliyo nyuma inapita mita 2,000. Kati ya hapo na pale si mbali. Warundi wanauita ukanda huo wa miteremko Mumirwa, na ule ufuo mwembamba wa chini wanauita Imbo. Chini utaona michikichi na migomba. Ukipandisha utaona mihogo, maharage na mahindi, mpaka mahali ambapo mtu analima amesimama kama anayepanda ngazi.

Mwisho wa mwezi Machi 2015, mvua ilishusha mawe na matope huko Gitaza, ndani ya komini hiyo hiyo ya Muhuta. Watu walikufa, nyumba zikaenda, barabara ya kwenda Rumonge ikakatika. Nitarudi kwenye jambo hilo baadaye, maana kuna watu wanaowaambia wakulima kwamba wakifunika mashamba yao kwa nyasi mlima hautaanguka, na hiyo si kweli. Lakini kuna udongo mwingine unaoondoka Muhuta kila mwaka bila kishindo wala habari redioni. Unaondoka kidogo kidogo, kila mvua inaponyesha, na mwenye shamba anaona tu kwamba mihogo imekuwa myembamba kuliko ya zamani. Huo ndio tunaouzungumzia leo, na huo mkulima ana uwezo nao.

Kwanza tuelewane kwa neno. Tunaposema kupunguza kulima, hatusemi kuacha kilimo. Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, maana kulima ni kutifua udongo, na kulima ni kazi yote ya shamba. Tunazungumzia kutifua: lile jembe linalogeuza shamba zima, kutoka mpaka hadi mpaka, kabla ya kupanda.

Jembe lina faida yake, na wazee hawakuwa wajinga. Linafukia magugu, linalegeza ardhi, mbegu inapata pa kulala. Lakini tazama kalenda yetu. Msimu wa Agatasi unaanza na mvua za Septemba, na msimu wa Impeshi unaanza Februari. Mara mbili kwa mwaka mkulima anaugeuza udongo wote na kuuacha wazi, na mara zote mbili anafanya hivyo mvua kubwa zikiwa mlangoni.

Udongo wenye afya si unga. Ni vidonge vidogo vilivyoshikana kwa gundi ya mizizi, kwa nyuzi za kuvu nyembamba kuliko nywele, na kwa kinyesi cha nyungunyungu. Katikati ya vidonge hivyo mna matundu ya kupitisha maji na hewa. Jembe linapovivunja, hewa nyingi inaingia kwa ghafla, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaila mboji upesi. Msimu huo mazao yanapata chakula kingi, ndiyo maana shamba jipya lililotifuliwa vizuri linazaa na kumfurahisha mwenyewe. Ila kilicholiwa ni akiba. Baada ya misimu kadhaa mboji imepungua, gundi imepungua, na vidonge havishikani tena.

Halafu linakuja tone la mvua. Likiangukia udongo mtupu linaupasua na kurusha chembe zake pande zote, na kwenye mteremko nyingi zinaangukia chini. Chembe laini zinaziba yale matundu, juu panakuwa na gamba, na maji yasiyopata njia ya kuingia yanashuka mbio na kubeba mbolea yako, iwe samadi, iwe ya dukani uliyoinunua kwa shida.

Kuna jambo lingine ambalo halihitaji hata mvua. Mtu akilima mteremkoni anasimama akiutazama mlima, anapiga jembe juu yake, na analivuta kuja kwake. Kila pigo linashusha udongo kidogo. Fanya hivyo misimu 20 au 40 na jembe lenyewe limekwisha kuhamisha shamba. Ndiyo maana ukienda kwenye mashamba mengi ya milimani utakuta kule juu, karibu na mpaka, udongo mwekundu au wa changarawe na mimea ya njano, na chini kabisa udongo mzito mweusi ambako maharage yanastawi. Watu husema sehemu ya juu ni mbaya tangu zamani. Mara nyingi haikuwa mbaya tangu zamani.

Unaweza kuupima udongo wako bila maabara. Chukua bonge la udongo lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kutoka shamba linalolimwa kila msimu. Chukua lingine kama hilo chini ya migomba, au mpakani ambako jembe halijafika miaka mingi. Yaache yote mawili kivulini mpaka yakauke kabisa. Kisha weka maji kwenye glasi mbili, au chupa mbili za plastiki zilizokatwa, na uyaingize polepole. Bonge lenye mboji litakaa kwa muda likiwa zima. Lile lililochoka litaachia mapovu, litabomoka, na maji yatakuwa matope. Hivyo ndivyo mvua inavyoliona shamba lako.

(Muziki mfupi.)

Sasa dawa yake. Wataalamu wanaiita kilimo hifadhi, na kimesimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kutotifua ila pale tu mbegu inapoingia. La pili ni kuufunika udongo muda wote, kwa matandazo au kwa mimea inayotambaa. La tatu ni kuchanganya mazao au kuyabadilisha, ili shamba lisile chakula kimoja kila siku.

Nani hajapika kwenye mafiga? Toa moja, sufuria inaanguka. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Wanasikia habari za kuacha jembe, wanafurahi kwamba kazi imepungua, wanapanda kwenye ardhi ngumu iliyo tupu, na wanavuna kidogo kuliko jirani. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti 610 kutoka nchi nyingi. Waliona kwamba kwa wastani kuacha kutifua kulipunguza mavuno. Lakini pale ambapo mafiga yote matatu yalikuwepo hasara ilipungua sana, na katika sehemu kavu zinazotegemea mvua mavuno yalizidi. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba jembe ndilo adui peke yake. Kwa mteremko wa Muhuta, nikilazimishwa kuchagua figa moja, ningechagua la kufunika. Udongo uliotifuliwa kidogo na kufunikwa una nafuu kuliko usiotifuliwa na ulio uchi.

Njia hii haikuanzia kwetu kwa sura hiyo inayofundishwa leo. Mkulima mmoja wa Brazil, Herbert Bartz, wa Rolândia katika jimbo la Paraná, alichoka kuona mvua ikilibeba shamba lake. Mwaka 1972 alipanda soya bila kulima, na baadaye majirani waliokuwa wakimwona kama mwendawazimu wakamfuata. Lakini Bartz alikuwa na trekta, mashine ya kupandia na dawa ya kuua magugu. Sisi tuna jembe na panga. Tofauti hiyo si ndogo, na Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen huko Uholanzi, pamoja na wenzake, waliieleza mwaka 2009: kwa mkulima mdogo wa Afrika, magugu yanaweza kuongezeka, kazi ya palizi ikamwangukia mama, na mabua ya kufunikia yakawa yanagombewa na mifugo.

Mimi nakubaliana nao. Misimu ya kwanza ni migumu, na anayekuficha hilo hakutakii mema. Usipotifua, magugu ambayo jembe lingeyafukia yanabaki na kuota. Matandazo mazito yanayazuia mengi, lakini lazima yawe mazito kweli, usione udongo unapotazama kutoka juu. Ukiweka machache, unapata hasara ya pande zote mbili.

Namna ya kuanza ni hii. Mvua zikikaribia, fyeka magugu kwa panga kabla hayajatoa mbegu na uyaache yalale hapo hapo. Usiyachome. Fungua mashimo tu, kwa kufuata mstari unaokata mteremko, si unaoshuka nao, kwa nafasi uliyozoea kupandia. Kina cha sentimita 15 kinatosha, na ikiwa chini kuna tabaka gumu lililojengwa na jembe la miaka mingi, livunje hapo kwenye shimo peke yake. Tia samadi au mboji kidogo, panda, rudisha matandazo. Msimu ujao rudi kwenye mashimo yale yale. Baada ya misimu michache shimo limekuwa chungu cha mboji, na katikati ya mashimo mizizi iliyooza na nyungunyungu wamefungua njia za maji ambazo jembe halikuwahi kuzifungua.

Mboji hiyo inaongezeka zaidi kule juu, kwenye sentimita chache za kwanza. Usitegemee kwamba udongo wa chini kabisa utabadilika haraka. Lakini kwenye mteremko, sentimita hizo za juu ndizo mvua inazozishambulia.

Muhogo unahitaji maneno yake, kwa sababu miteremko mingi ya Muhuta ni ya mihogo. Muhogo unapandwa vizuri bila kutifua shamba zima: kichimbio kidogo, kipande cha shina, basi. Miezi ya kwanza haufuniki udongo, unakua polepole na mvua inapita katikati yake, kwa hiyo ni vizuri kupanda maharage au maboga kati ya mistari. Tatizo kubwa liko kwenye kuvuna, maana huwezi kuvuna muhogo bila kuchimba. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi hajaligusa shamba kwa jembe, kisha siku ya mavuno akaligeuza lote chini juu na kupoteza alichokijenga. Mkulima wa mteremkoni afadhali ang'oe kwa sehemu, mstari mmoja avune na mwingine auache, afukie kila shimo siku hiyo hiyo na aweke majani na vishina juu yake. Na akiweza kuchagua, avune kiangazi kuliko kati ya mvua. Najua njaa haisubiri kiangazi. Basi angalau avune kwa mistari.

Majani ya kufunikia yatatoka wapi? Ndilo swali la kweli, na Burundi inalijua kuliko nchi nyingi. Tangu enzi za Wabelgiji wakulima wa kahawa walitakiwa kufunika kahawa yao kwa nyasi, na nyasi hizo zilichukuliwa kutoka mahali pengine. Kahawa ilinona, mashamba mengine yakakonda. Matandazo yaliyohamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine ni rutuba iliyohamishwa. Kwa hiyo jitahidi yaote hapo hapo. Mabingobingo yakipandwa kwa mistari inayokata mteremko yanashika udongo unaoteremka, na ukiyakata unapata ya kufunika na ya mbuzi. Majani na magogo ya migomba ni matandazo mazuri sana. Mtafiti wa Burundi, Théodomir Rishirumuhirwa, alitetea tasnifu yake mwaka 1997 kuhusu mgomba katika mashamba ya eneo la Kirimiro, na huo unabaki kuwa mmea wetu bora wa kulinda ardhi: unafunika, unatoa majani mwaka mzima, na hauhitaji kutifuliwa. Huko Karatu, kaskazini mwa Tanzania, wakulima walipanda ngwara katikati ya mahindi. Inatambaa na kufunika, inalisha udongo kwa mizizi yake, majani yake yanaliwa na mbegu zake zinauzika.

Kambini mama atasema: mwanangu, hayo mabua mimi napikia. Ni kweli, na siwezi kumwambia mtu mwenye sufuria baridi aweke kuni zake juu ya udongo. Kwenye kitalu kidogo nyuma ya nyumba tumia kile ambacho hakiwaki: magugu yaliyong'olewa kabla ya mbegu, maganda ya ndizi, majani mabichi ya viazi baada ya kuvuna. Eneo la mita mbili kwa tatu linafunikika kwa hayo.

(Muziki mfupi.)

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya kilimo vinaliruka. Faida za udongo zinachelewa. Matandazo yanakulipa msimu ule ule, kwa unyevu na kwa udongo usioondoka. Mboji inachukua miaka. Na wengi wenu mnaonisikiliza hamna miaka. Wapo wanaokodi shamba kwa msimu mmoja ng'ambo ya ziwa, na mwenye shamba akiona limependeza analichukua tena. Wapo waliorudi na kukuta ardhi ya baba ina watu wengine, hasa upande wa Rumonge ambako watu walikimbia tangu 1972. Kwa nini mtu ajenge udongo atakaoula mwingine?

Jibu langu ni kwamba usifanye kila kitu kila mahali. Kwenye shamba la kukodi la msimu mmoja, fanya mashimo na matandazo, kwa sababu hayo yanakulipa wewe mwenyewe kabla hujaondoka. Usijisumbue na mistari ya mabingobingo. Tena jihadhari nayo, maana katika nchi zetu kupanda kitu kinachodumu ni kama kusema ardhi ni yako. Wenye mashamba wengi hawapendi mpangaji apande migomba, michikichi au miti, na ugomvi umeanzia hapo mara nyingi. Ukitaka kupanda vya kudumu, kwanza zungumza. Omba misimu minne au sita badala ya mmoja, mbele ya mashahidi, na umweleze mwenye shamba kwamba utamrudishia ardhi nzuri kuliko uliyoikuta. Baadhi watakubali, kwa sababu wanaona wenyewe kwamba mpangaji wa msimu mmoja analichosha shamba. Na kama ardhi bado ina kesi, mistari ya kudumu isubiri kesi iishe.

Aliyerudi kwenye ardhi ambayo hakuna anayebishana nayo, huyo ndiye wa kuanza na mafiga yote matatu, bila kuchelewa.

Nilisema nitarudi Gitaza. Matandazo na mashimo yanazuia udongo wa juu kusombwa. Hayazuii mlima kuporomoka kutoka ndani, pale ambapo mawe na udongo wa chini vimelegea. Tena kuna mahali ambapo kuingiza maji mengi ardhini ni hatari. Ukiona nyufa ndefu zinazokata mteremko, miti iliyoinama pamoja, au chemchemi mpya iliyotokea mahali palipokuwa pakavu, usichimbe hapo mitaro ya kukinga maji, ile tunayoiita imirwanyasuri. Maji yakisimama kwenye mtaro juu ya ufa yanaulainisha mlima. Mahali pa namna hiyo panafaa miti yenye mizizi mirefu, na nyumba zisiwe chini yake.

Na wavuvi nao wanahusika. Mwaka 1993 Andrew Cohen, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu matope yanayoingia kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Pale ambapo milima imevuliwa miti na kulimwa sana, aina za samaki na viumbe wengine kwenye miamba ya ufuoni zilikuwa chache kuliko pale ambapo milima bado imefunikwa. Ndagala na mukeke wanaishi maji ya wazi, hao si wa miamba. Lakini samaki wadogo wa kwenye mawe, wanaokula mwani na kutaga hapo, matope yanawafunikia chakula na nyumba. Kwa hiyo ukiona maji mekundu yakiingia ziwani chini ya Muhuta baada ya mvua, ni shamba la mtu wa juu linaloharibu riziki ya mtu wa chini.

Kwa anayetaka kujaribu, Impeshi inaanza Februari. Chagua kipande cha hatua kumi kwa kumi, si shamba zima, ukigawe katikati kwa kamba kutoka juu kwenda chini. Upande mmoja lima ulivyozoea. Upande wa pili fyeka, fungua mashimo, funika. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, samadi sawa. Wakati wa palizi hesabu asubuhi ulizotumia kila upande, na wakati wa kuvuna pima kila upande kwa debe lile lile. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, toka ukasimame chini ya kipande chako uangalie rangi ya maji yanayotoka kila upande. Kisha rudia msimu wa pili na wa tatu kabla hujaamua.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)